Karafuu Maiti

Pale Wete, nyuma ya ghala la mizani,
aliishi karani aliyeua watoto kwa wino.
Jina lake Shaame Makungu. Mchana
alipima gunia kwa gunia, akaandika kilo na senti,
na hakuna mkulima aliyesema kapunjwa.
Usiku alifungua kidau,
akamuua mtoto mmoja, akalala.

Tulivinunua kwa siri vitabu vyake,
vidogo kama kiganja, vimeshonwa kwa uzi wa magunia,
vinanuka karafuu hadi ukurasa wa mauti.
Tulivisoma chooni. Tulivilalia chini ya godoro la sufi.

    Mize kapanda mtini
    achume na karafuu;
    akateremka chini,
    kichwa kikabaki juu.

Na picha yake: Mize asiye kichwa anajipangusa gauni,
adabu zote zimo; kule tawini
kichwa kimeng'ata kikonyo, kinatabasamu.

Mwalimu wa chuo alikichoma kimoja mbele ya watu.
Shaame akaja kutazama.
Akauliza moshi ule ni wa ukurasa wa ngapi.

Wakasema ana jini. Wakasema mwendawazimu.
Mimi niliyekuwa nikitumwa wino dukani
nilimjua mtu aliyeogopa kuku,
aliyevaa soksi katika joto la Machi,
aliyechonga kalamu zake kama anamnyoa mgonjwa.
Siku moja nikamuuliza, kwa nini.

"Nilikuwa na miaka mitano. Waliniambia mama kasafiri.
Nikachungulia kwenye ufa wa mlango:
kitanda, maji yanateremka ufuoni polepole,
na ule mguu niliouzoea kuukalia.
Basi. Tangu siku hiyo nachora safari."
Kisha akanituma sukari robo.

    Faki kamcheka paka
    kwa kuwa hanalo jino;
    asubuhi kuamka,
    paka anacheka mno.

Hamadi, mdogo wangu, aliondoka kwa homa ya siku tatu.
Mama alijitanda buibui, akaenda mwenyewe kwa karani:
"Nichoree mwanangu."
Majirani waliguna, tukajua tumekwisha.
Akakaa nayo siku arubaini.

Hamadi yuko barazani, vifungo vya shati vimekosana,
anamtolea ulimi mtu mrefu wa sanda,
na ni yule wa sanda aliyeona haya,
kainamisha kichwa, anahesabu vidole vyake vya miguu.
Mama akacheka. Kilimtoka kicheko
kama mwiba unavyotoka, na maji yake.

Yeye alikufa kwa presha, Jumatano, saa nne asubuhi,
bila paka, bila kisima, bila chochote cha kuchora.
Mimi mwanamke, sikuingia kumwosha.
Nikasimama penye ufa.
Wakamsugua vidole kwa sabuni, kwa majani ya mkunazi;
wino haukutoka. Mmoja akasema, mwacheni nao.
Nje karafuu zimeanikwa mikeka kwa mikeka, njia nzima,
ndani karafuu maiti,
na pua yangu haikujua ipi imeishia wapi.

Mezani niliokota karatasi ya mwisho,
nyuma ya stakabadhi ya gunia saba:

    Karani kabisha hodi
    penye nyumba ya udongo;
    ndani kukanuka udi,

Hapo pana alama ya kikombe cha chai.

Miaka kumi na moja naujaribu mshororo ule.
Nimeweka *mlango*. Nimeweka *mgongo*.
Nimeweka *uongo*, nikaufuta usiku uleule.
Vyote ni vina, mizani inakaa,
lakini hakuna hata mmoja unaomchekesha mtu.
Mchwa wameshaanza pembeni, upande wa picha,
pale alipochora mlango tu,
na chini yake, nje, jozi ya soksi.